Magodoro Manane

Jumatatu, 5 Machi 1984

Utepe wa taipu umefifia tena. Nimeugeuza upande wa pili, herufi zinasomeka kwa shida. Karatasi safi zimebaki kumi na moja. Madukani hakuna.

Fomu ya wafadhili ina maswali saba. Tunaomba nyumba ndogo kando ya zahanati yetu hapa Bagara, ili wajawazito wa mbali waje kukaa siku zao za mwisho karibu na nesi. Ombi lazima lifike Arusha kabla ya tarehe 23. Mimi ni katibu wa kamati, na ni mimi peke yangu ninayejua kupiga taipu. Nimejibu la kwanza hadi la tano. La sita linauliza: mmewahi kupewa msaada gani, na sasa uko wapi?

Nimefunika mashine, nikarudi nyumbani.

Jumatano, 7 Machi

Asubuhi wameleta mwanamke kutoka ng'ambo ya Sigino. Wanaume wanne, kitanda cha kamba mabegani. Hakuna gari lenye mafuta. Mtoto alishakufa njiani. Mama yu hai. Nesi Paulina alimlaza sakafuni juu ya khanga mbili, maana vitanda vyote vilikuwa na watu.

Nilikuwa mlangoni nimeshika fomu. Sikuingia.

Alhamisi, 8 Machi

Niandike ukweli, angalau hapa. Miaka mitatu iliyopita tulipewa magodoro manane kwa ajili ya wazazi. Chumba cha zahanati kilikuwa kinavuja, na masika yalikuwa yameanza. Tukasema kila mjumbe achukue moja akalitunze mpaka paa litengenezwe. Mwenyekiti, Mzee Tluway, alichukua mawili. Paa lilitengenezwa mwaka huohuo. Hakuna aliyerudisha. Mimi pia. Mama mkwe wangu analalia langu. Mgongo unamuuma, na godoro la kununua halipatikani.

Leo nilimwuliza Mzee Tluway swali la sita tulijibu vipi.

"Andika yamechakaa, Mama Elia. Nani atakuja kuangalia?"

Nikasema ndiyo, Mzee. Nilisema ndiyo.

Jumamosi, 10 Machi

Nimeandika "yamechakaa". Nimechana. Nimeandika "yanatumika". Ni kweli, yanatumika. Nimechana hiyo pia. Karatasi tisa.

Wakijua tumedanganya, hatutapata kitu, wala wa baada yetu. Wakijua tulichukua, pia hatutapata. Sioni njia ya tatu.

Jumanne, 13 Machi

Nimemwambia Mama mkwe. Tulikuwa tunapukuchua mahindi. Nilidhani atalia, au atanigombeza.

"Kumbe nimelalia vitu vya wazazi," akasema. "Ungeniambia siku ile ile, mwanangu. Mimi nimelalia ngozi tangu utoto."

Akainuka, akaingia ndani, akalikunja godoro mwenyewe na kulifunga kamba. Nililia mimi.

Jumatano, 14 Machi

Nimelibeba kichwani, mchana, kupita sokoni. Watu wanasalimia, wanatazama. Mwanamke mmoja wa Maisaka aliniuliza kama tunahama.

Nesi Paulina hakuuliza kitu. Alilipokea, akalikung'uta vumbi, akatandika. Heri angeuliza.

Ijumaa, 16 Machi

Kikao cha kamati. Nimesoma jibu la sita kwa sauti. "Tulipewa magodoro manane. Wajumbe tuliyapeleka majumbani, tukayaacha huko miaka mitatu. Katibu amerudisha lake. Mengine bado."

Nilisikia kuku nje.

Mzee Tluway alisema nimewavua nguo mbele ya wageni. Akasema hatatia sahihi. Bila sahihi yake na muhuri wake ombi si kitu. Akachukua kofia, akatoka. Mama Yakobo, mtunza ghala wetu, akasema taratibu, kama anajisemea mwenyewe, "Langu litakuja kesho." Wengine wakatazama chini.

Nimeharibu kila kitu. Labda mwanamke mwingine yuko njiani sasa hivi kwenye kitanda cha kamba, na mimi nimekaa na ukweli wangu.

Jumapili, 18 Machi

Matano yamerudi. Ya Mzee na la mjumbe mmoja bado. Kanisani alikaa benchi la mbele, hakugeuka. Sikusikia mahubiri.

Jumatatu, 19 Machi

Mzee Tluway amekuja ofisini saa nne. Nilisimama, nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akakaa. Mkewe alikuwa nje na godoro kichwani. Moja.

"Mke wangu hajanipikia tangu Ijumaa," akasema. "Andika yamerudi sita. La saba liko kwa binti yangu kule Dareda, nimemtuma mtu. La nane limechakaa kweli. Mjumbe aliyekuwa nalo anaona haya kulileta. Hilo uandike limechakaa."

Nimepiga upya ukurasa ule mbele yake. Amesoma neno kwa neno, kidole chini ya mstari. Ametia sahihi. Muhuri ulikuwa mkavu, akaupulizia.

Jumanne, 20 Machi

Padri anakwenda Arusha na gari la misheni. Nimempa bahasha mkononi mwake. Gari lilipoondoka nilitaka kulikimbilia.

Alhamisi, 24 Mei

Miezi miwili bila neno. Leo, bila taarifa, amefika mgeni wa wafadhili, mama wa makamo, Kiswahili chake cha polepole. Alikwenda moja kwa moja kwenye vitanda. Akahesabu magodoro. Saba. Akaniuliza nani aliandika jibu la sita.

Nikasema mimi.

Akasema amesoma maombi mengi mwaka huu, na katika mengine yote hakuna kilichowahi kupotea. Hakutabasamu. Sikujua kama ni sifa au ni lawama. Ameondoka bila kunywa chai.

Jumamosi, 30 Juni

Barua imefika. Wamekubali nyumba na vitanda sita. Magodoro hawatoi, wanasema tunayo. Mwenyekiti na nesi wayakague pamoja kila mwezi, na waandike.

Nilisoma mara nne, nikapeleka kwa Mzee Tluway. Alikuwa shambani, anavuna maharage. Alisoma amesimama. Akasema, "Kila mwezi. Haya." Akarudi kwenye maharage yake.

Jumapili, 28 Oktoba

Baada ya misa nimepitia kwenye nyumba mpya. Rangi bado haijapakwa. Kuna wanawake wawili wanasubiri siku zao. Walikuwa wamekaa kivulini, miguu wameinyoosha, mmoja anamsuka mwenzake. Nikawauliza kama wana shida. Wakasema hawana, ila wamechoka kukaa bure.

Nimerudi nyumbani, nimekula, nikalala mchana.