Ndoo ya Bibi Baibín

Cloonagarra,
Jumatatu

Kaka yangu mpendwa Fursey,

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu: tangu tumzike Bibi, kila jioni nimekuwa nikipeleka ndoo ya maji kwenye lango la makaburi. Natumaini u mzima huko Birmingham, na kazi ya ujenzi haikuchoshi mno. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, ng'ombe mwekundu amezaa. Mimi tangu nimalize shule nipo tu nyumbani, mwoga wa watu kama ulivyoniacha.

Unajua kwamba aliyezikwa mwisho ndiye huwatekea maji wafu wote, mpaka aje mwingine. Siku ya Bibi kulikuwa na maziko mawili. Wanaume walikimbia na majeneza wakishindania lango, na akina Geraghty wakatutangulia na mzee wao, Bibi akawa wa mwisho. Jirani yetu, Mzee Festy, akasema Baibín hajawahi kuwahi popote, hata kanisani. Watu wakacheka. Mimi niliwaza vidole vyake vilivyopindwa na baridi yabisi, na kitambaa alichoviringisha kwenye mpini wa ndoo ili aweze kuishika.

Basi nikawa namtekea. Jioni naiacha imejaa, asubuhi naikuta tupu, na nyasi pembeni kavu. Nilijiambia ni kondoo.

Miezi ikapita, hakufa mtu. Mzee Festy alipoanza kukohoa nilimpelekea supu, akaniuliza mbona namkodolea macho kama seremala anayempimia jeneza. Akasema siku akizikwa yeye wafu wajiandae kunywa mvua, maana mgongo wake haufai. Nilicheka, lakini sikuweza kumtazama. Fursey, kila rozari nilikuwa namwombea afe, Bibi apate kupumzika.

Mzee Festy tulimzika Jumamosi. Sikurudi langoni, hata kuichukua ndoo. Leo asubuhi nimeikuta mlangoni kwetu, imejaa hadi ukingoni. Mpini, ambao niliuacha mtupu, umeviringishwa kitambaa, fundo limekazwa upande wa kushoto, kama alivyofunga Bibi.

Sijui kama ni shukrani. Nimekunywa kikombe kimoja. Ni maji baridi, matamu. Yaliyobaki nitampelekea Mzee Festy jioni hii, na kesho tena.

Jifunike vizuri, baridi imeanza. Barua hii ichome ukishaisoma, na Mama asijue kamwe nilichokiomba.

Dada yako akupendaye,
Attracta