Padri Hachinjwi

Busia

Owor, ndugu yangu,

Wamenikataza nisikuandikie. Dada yangu anasema kumwandikia mtu aliyezikwa ni kumwita, na anayeitwa huja. Basi njoo! Ukija tutamaliza ubishi wetu, maana uliondoka katikati ya maneno kama kawaida yako.

Nina hasira na wewe. Acha niseme mapema, nisije nikajifanya mtu wa heshima. Jumapili ulikuwa unacheka, unanikimbiza kule kwenu Rubongi na baiskeli yangu mwenyewe. Alhamisi nikaletewa habari hapa Busia kwamba homa imekuchukua. Homa! Mtu amesoma magonjwa ya ng'ombe, mbuzi na kuku, umebaki mwaka mmoja tu tutoke chuo cha mifugo, halafu homa. Nilipanda baiskeli nikaikanyaga mpaka kwenu bila kupumzika. Askari wa mpakani, ambaye tangu uhuru amejifunza kuuliza kila mtu anakwenda wapi, aliniuliza. Nikamwambia, "Niache." Akaniacha.

Nilikukuta umeshafunikwa shuka. Sitasema zaidi juu ya hilo.

Nitakwambia ya Padri. Unakumbuka mama yako alivyofoka ulipompa maksai jina hilo, na mwenzake ukamwita Katekista? "Wewe nataka kutupeleka motoni," alisema. Lakini jina lilimkaa. Alikuwa anatembea taratibu, anatutazama sote kama watu waliochelewa misa. Likizo nzima tuliwafundisha hao wawili kulima bila kiboko na bila mtu wa kuwavuta mbele, na watu wakaja kutucheka. Wasomi wanaongea na ng'ombe! Tulipomaliza shamba lote la mama yako waliacha kucheka, wakaanza kusema tuna dawa.

Na sisi wenyewe hatukukubaliana ni nini kinachomwongoza Padri. Wewe ulishikilia kwamba anasikia. Mwisho wa mstari ulikuwa unamwambia kwa ile sauti ya chini, "Geuka mzee, geuka," naye anageuka na plau na Katekista na kila kitu. Ulisema naye Kiswahili kwa sababu Kidhopadhola chenu, ulisema, ni cha kugombana nyumbani. Mimi nikasema hasikii lolote, anatazama unaposimama tu. Ukiwa nyuma ya bega lake anakwenda, ukipita mbele ya bega anasimama, ukimzunguka anageuka. "Wandera," ukanijibu, "hii ng'ombe iko na masikio kubwa kuliko yako." Tulibishana mpaka chakula kikapoa, na mama yako akatishia kuwapa mbwa.

Sasa sikia walichotaka kufanya. Asubuhi ya mazishi yako, baba yako mkubwa alikuja na kamba. Waombolezaji walikuwa wamejaa, wengine wametoka mpaka Busitema, na lazima kitu kichinjwe. Hilo silipingi. Lakini akasema, "Tutachinja Padri. Mwenyewe hayuko, nani atalima nayo? Hata kiboko haijui."

Nilikuwa nimetoka kuchimba kaburi lako, udongo mpaka magotini. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Padri hachinjwi." Mbele ya wazee! Mimi, Msamia wa ng'ambo ya mpaka, sina hata shangazi hapo.

Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe umekuja kuzika ama umekuja kufundisha sisi?"

Nikamwambia yote mawili. Nikasema Padri bado ni wa kazi, atamlimia mama hata kama wewe hupo, na nitawaonyesha sasa hivi. Nilijua ninachosema, Owor. Kama mimi ndiye niliyekuwa sahihi, miguu yangu ingetosha. Kama ni wewe, basi sauti yenyewe tulikuwa tunakwenda kuizika, na Padri kwisha habari yake. Sijawahi kutaka kukushinda kama siku ile, na nilikuonea aibu.

Tulipokuwa tunawafunga nira niliona majani ya tangu jana mbele ya Padri, hayajaguswa. Nikamshika masikio kuona kama ana joto, nikatazama macho, nikatazama ufizi. Hana kitu. Nikasimama nyuma ya bega lake, nikapiga hatua. Akaenda! Alikata mstari safi mpaka mwisho wa shamba, nami moyoni nakupigia kelele, umeona? Umeona?

Mwisho wa mstari akasimama. Nikamzunguka, wapi! Nikarudi nyuma nikaanza upya, wapi! Katekista anamtazama yeye, mimi namtazama yeye, watu wote wananitazama mimi. Basi nikameza ubishi wangu, nikasema maneno yako, chini chini kadiri nilivyoweza, "Geuka mzee, geuka." Masikio yakasimama. Akainua kichwa akatazama upande wa nyumba, ulipolazwa. Hakugeuka.

Wakaanza kucheka, kicheko kile cha watu wenye njaa. Baba yako mkubwa akasema, "Munaona? Imeharibika," akaja na kamba yake. Nikakaa chini. Palepale kwenye udongo, mbele ya nira, na suruali ya kuazima. Nikamwambia apite juu yangu. Nilikuwa nalia, kamasi zinanitoka, na yote niliyosoma chuoni yalikuwa yamenitoka kichwani.

Mama yako akatoka nje. Hakuwa ametoka tangu ufe. Mimi hakunitazama hata kidogo, alikwenda moja kwa moja kwa Padri akamwekea mkono shingoni. "Mimi tangu mtoto anakufa sijakula," akasema. "Hii pia haijakula. Nyinyi munataka kuchinja mwenye nakaa matanga na mimi?"

Kamba ikarudi ilikotoka. Watu walikula mbuzi na kuku, kipande kipande, na nasikia mpaka leo Rubongi wanasema mazishi ya Owor yalikuwa ya njaa. Waseme!

Nilirudi chuoni. Kitanda chako wamempa mtu anayekoroma. Mwalimu wetu aliponiuliza nitaandika juu ya nini mwaka wa mwisho, nikamwambia maksai aliyekataa kugeuka. Akasema daktari anatibu mwili, ng'ombe hana matanga. Nikamwambia anipe sifuri akitaka, lakini nitaandika, na nitaeleza maoni yako na yangu. Usivimbe kichwa, bado sijakubali. Huenda nilisimama vibaya, machozi yalikuwa yamenijaa, viatu havikuwa vyangu. Lakini yale majani, Owor. Yale majani siwezi kuyaeleza.

Sasa anakula. Mama yako anampeleka malishoni mwenyewe, na nilipopita juzi nilimkuta anamsengenyea majirani wote. Ila baba yako mkubwa hajasahau. Ametuma neno kwamba mavuno yakiisha, siku ya kumaliza matanga, Padri anachinjwa, na safari hii hakuna Msamia atakayekaa kwenye udongo. Nami nikamrudishia neno kwa mjumbe huyohuyo kwamba nitakuwepo. Nakuja na fahali wa baba yangu, ambaye mzee amenipa baada ya kunitukana sana, mnene kuliko Padri, nyama ya kuwatosha hata watu wa Sikuda. Baba yako mkubwa akimpokea, nitamwamkia kwa heshima zote na tutakula pamoja. Akimkataa, nitakaa chini tena, na sitaazima suruali.

Lala, ndugu yangu. Kwa ile homa sikuweza kitu, hata kufika sikuwahi. Hili naliweza. Wewe walikunyima uzee. Padri ataupata.

Mbishi wako,
Wandera