Matairi Mawili Kutoka Mtwara

Shanwe, Mpanda,
20 Februari 2025.

Mpendwa mdogo wangu Optatus,

Habari za huko Mtwara, na za shemeji Matilda na watoto? Sisi tunapumua, Mungu anatusaidia. Mama miguu inamsumbua kipindi hiki cha mvua, lakini ugali anamaliza na kanisani anatutangulia. Mimi ni mgongo, halafu uchovu. Nimechoka, Opta, nimechoka mpaka nikikaa nasahau nilikaa ili nifanye nini.

Ningepiga simu, ila tangu matairi yako yafike tumepigiana mara mbili, na mara zote tumeulizana mvua tu. Bora niandike. Barua nampa kondakta wa basi.

Mwanangu Suzana, yule aliyeolewa Mwese, mimba yake imepita miezi minane. Mtoto wa kwanza alimpata kwa upasuaji, na nesi alimwambia kabisa huyu asizaliwe kule mlimani. Ilikuwa nimfuate na Haisi mwanzoni mwa mwezi huu. Bodaboda kwenye utelezi huu, na tumbo lile? Thubutu! Na Haisi nayo, ile kuukuu yangu ya fowili, ikaamua kunigomea.

Ilianza na mlio chini ya sakafu, kama mtu anasaga karanga. Halafu ukikata kona kwenye lami inajikaza, inarukaruka, usukani mgumu, unafikiri umesahau breki ya mkono. Ikiingia kwenye tope inakuwa mtoto mzuri. Ikirudi lami, yale yale.

Fundi wa kwanza akasema ni krosi za propela. Tukabadilisha. Wa pili akasema oili ya difu imezeeka. Tukamwaga, tukaweka mpya. Wa tatu akafungua difu ya mbele, akaikuta nzima, akaifunga, boliti moja ikabaki mkononi mwake. Namuuliza hii ya wapi, ananiambia hiyo ni ya akiba. Hee! Siku kumi na mbili nimeshinda chini ya gari, na kila jioni Suzana anapiga simu kuuliza, "Baba, lini?"

Ndipo nikaenda kwa mzee Methusela, fundi wa hapa hapa Shanwe. Hakushika hata spana. Alichukua kamba, akaizungusha kwenye tairi la mbele, akapiga fundo, akaenda kuizungusha kwenye la nyuma. Kamba ikapungua vidole vinne. Akasema gari hili halina pa kuzimia fowili, linavuta kwa miguu yote minne wakati wote. Kama matairi ya nyuma ni makubwa kuliko ya mbele, shafti zinabishana njia nzima mpaka kitu kivunjike. Kwenye tope tairi linateleza kidogo, ubishi unapungua. Kisha akaniuliza, "Haya ya nyuma umeyaweka lini?"

Jibu nilikuwa nalo, mdogo wangu. Mlio ulianza wiki ile ile tuliyofunga matairi uliyotutumia. Nilijua tangu siku ya pili. Nikafungua gari zima isipokuwa hapo.

Miaka sita hukututumia hata salamu, tangu siku ya kumaliza msiba wa baba, niliposema mbele ya watu kwamba umekuja kumzika baba yako kama mgeni. Halafu yanakuja matairi mawili mapya, yana karatasi yenye jina langu kwa mwandiko wako. Mama aliyapapasa akalia. Akataka yafungwe siku hiyo hiyo, tena nyuma, ambako kila anayefuata gari atayaona. Kwetu unajua, zawadi ikikaa stoo watu wanasema umeikataa. Sasa niambie, ningeanzia wapi kuyavua?

Juzi nimeyavua. Methusela alinitafutia mawili yaliyotumika, saizi moja na ya mbele, na jana tukapanda Mwese. Transfa, ile giaboksi inayogawa nguvu mbele na nyuma, imeshaumia, bado inalia, na mzee anasema haitamaliza mwaka. Lakini ilipanda. Suzana tulimlaza nyuma juu ya magodoro, tukashuka mwendo wa kinyonga, kila shimo mimi naguna yeye ananicheka. Sasa yuko hapa, chumbani kwa mama, na hospitali ni karibu. Nilipomwona anakunywa uji nilitoka uani nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Ningechelewa wiki moja tu zaidi, pengine ningekuja kukuandikia barua ya namna nyingine.

Mama hajui kwamba nakuandikia haya. Alitaka nikuambie matairi yanatembea vizuri sana. Nimeshindwa. Nimenyamaza miaka sita, na unaona kunyamaza kulitaka kunifikisha wapi.

Yale maneno ya msibani nilikosea. Ulidandia malori mawili, ukamalizia kwa miguu, ukaingia uani na viatu mkononi, matope mpaka magotini. Niliona. Niliona, na bado nikasema. Nisamehe, Opta.

Mama anakusalimu, na Suzana, na shemeji yako Specioza. Msalimie sana Matilda, na watoto wote, hata wale ambao bado hatujawaona. Mungu aifunike nyumba yenu na kila njia mnayopita.

Matairi yako yapo sebuleni, mama amekataa yatoke ndani. Usitutumie mengine, wala kitu kingine chochote. Njoo wewe.

Ni mimi kaka yako, niliyekupenda siku zote na kuchelewa kusema,

Selestine