Uso wa Rubani wa Pembeni

Jumapili, 4 Mei 2025

Nimepata! Barua pepe imeingia nikiwa nakaanga mayai, na mayai yameungua yote. Kiti cha nyuma, Alhamisi, na timu ya maonyesho ya ndege za kivita. Jarida moja la hapa lilipeleka majina mawili, langu na la jamaa mmoja wa Virginia mwenye lenzi ndefu kama bomba la maji. Wamechukua langu. Yeye ni wa akiba. Mimi, mpiga picha wa harusi za Watanzania, ninayelala Riverdale Park, Maryland, kwenye chumba kinachotikiswa na treni za mizigo!

Wa kwanza kumwambia ni Lusekelo. Kaka yangu, na sina mwingine. Yuko wodini Mbeya tangu wiki iliyopita, figo zimegoma. Mdomo haujagoma. Kanitumia ujumbe wa sauti: "We Bupe, wewe uliyetapika kwenye basi la Tukuyu, leo unapanda ndege ya vita? Wamarekani wameishiwa watu?"

Halafu akakohoa, kisha akasema la maana. Hataki picha ya moshi. Hataki ndege zikipita juu ya majengo, hizo zimejaa mtandaoni. Anataka uso wa rubani wa ndege ya pembeni. Ni kwa ajili ya lile bango la kinyozi wa Soweto, mtaa wetu kule Mbeya, alilochora kabla hajaugua — ndege ya kivita nzuri kabisa, lakini rubani ni kofia tupu. Hakujua uso wa mtu anayeruka vile unakaaje, akauacha. Wateja wanamtania mpaka leo.

"Niletee uso," anasema. "Nataka nione kama anaogopa. Mimi nimechoka kuogopa peke yangu."

Amesema akicheka. Huo mwisho nimeurudia mara nyingi.

Jumatatu, 5 Mei

Kambini kutwa nzima. Nimefundishwa kukaa, kupumua, na kurushwa nje na kiti mambo yakiharibika. Anayenishughulikia ni sajenti mmoja, Ashanti, mtu wa hapahapa Prince George's. Aliposikia jina langu akauliza kwetu ni wapi, kisha akabadilisha lugha. Kiswahili cha chuoni, kimetandikwa vizuri kama kitanda cha jeshini: "Tafadhali, dada Bupe, usiangushe kitu chochote ndani ya ndege." Nilitaka kumkumbatia.

Kitu kikianguka mle kinaweza kukwama kwenye usukani. Kwa hiyo kamera inafungwa kamba, lenzi haibadilishwi, na pete ya lenzi nimeibandika utepe isicheze. Glavu nyeusi, ili mikono isionekane kwenye kioo cha paa na kuharibu picha. Ndege ikikata kona, kila kitu kinakuwa kizito mara tano, mara sita. Kaza mapaja, kaza tumbo, vuta pumzi kwa vipande. Akili ikienda kwingine, unazimia.

Ndiyo maana Alhamisi asubuhi kuna daktari. Atauliza nimelalaje, nimekunywa dawa gani, kuna msiba au ugomvi nyumbani. Mwenye jambo zito hapandi. Kiti kinakwenda kwa jamaa wa bomba la maji.

Nimemuuliza meja atakayenirusha kama wenzake wa pembeni huogopa. Kasema wale hawaangalii mbele hata kidogo. Wanamwangalia yeye tu, kiongozi. Yeye akipanda wanapanda, akishuka wanashuka. Akikosea ardhi ilipo, basi wote wamekosea.

Nimemtumia Lusekelo picha yangu nikiwa na kofia ya rubani. Nafanana na chura. Tiki moja. Simu yake itakuwa imeisha chaji.

Jumanne, 6 Mei

Tiki moja bado.

Nimempigia mama. Kapokea baba mdogo. Mama yuko wapi? "Yuko jikoni." Mama jikoni saa tisa mchana, na mwanawe yuko wodini? "Hali ya kaka yako si nzuri sana, lakini madaktari wanajitahidi. Wewe fanya kazi yako, mwanangu." Baba mdogo, ambaye kwenye simu hupiga kelele kama anafukuza ngedere shambani — leo anaongea taratibu. Na nyuma yake watu wengi, wote kwa sauti ya chini.

Kundi letu la WhatsApp la watu wa Mbeya wa huku limenyamaza. Kundi lile hubishana hata juu ya mchele wa ubwabwa. Leo kimya. Mchana simu ikalia, ujumbe wa Elkanah, nikaona mwanzo wake tu: "Poleni sana kwa…" Nilipofungua: ujumbe huu umefutwa. Punde Elkanah kaweka hali ya hewa ya Greenbelt. Ijumaa kutakuwa na mvua. Asante, Elkanah.

Jepkosgei, Mkenya ninayekaa naye, karudi kazini mapema. Kaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. "Bupe, uko poa? Si u-rest tu leo." Hakunitazama.

Jumatano, 7 Mei

Najua. Basi nimeandika.

Najua kwa sababu na mimi nimeshafanya kazi hii. Mwaka jana baba yake Fredy, mwenzetu wa kundini, alipofariki, sisi ndio tuliomfuata kwake Columbia Heights. Mtu haambiwi kwenye simu. Haambiwi akiwa peke yake, wala akiwa na njaa. Kwanza mgonjwa "anaumwa". Kisha "hali si nzuri". Kisha watu wanaingia mmoja mmoja kama wamepita tu, chakula kinaletwa, na aliye mkubwa anasema kula kwanza. Akishaambiwa hatakula tena, ndiyo sababu. Fredy alikula huku anatuchekesha habari za bosi wake. Mimi ndiye niliyempakulia. Nakumbuka niliangalia mdomo wake unavyotafuna, nikasema moyoni, bado kidogo tu, mwache amalize.

Leo alasiri kaja dada Edna kutoka Greenbelt. Dada Edna ndiye mkubwa wetu huku. Akija bila kupiga simu, kuna jambo. Kitenge chini ya koti. Bakuli la ndizi na nyama, limefungwa kwa kitambaa. Kakaa karibu yangu, magoti yakigusana. Jepkosgei kazima redio akabaki amesimama mlangoni mwa jikoni.

"Kula kwanza, mdogo wangu."

Nikaweka kijiko chini. Nikamwambia, dada, kesho napanda ile ndege. Kuna daktari ataniuliza habari za nyumbani. Hicho ulichokuja nacho kaa nacho mpaka nitue.

Alinitazama. Midomo ikawa inamcheza.

"Hata mama yako kasema hivyo. Kasema mwacheni apande kwanza. Mimi ndiye niliyeona si vizuri." Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Haya. Basi kula. Ni chakula tu."

Nilikula. Nilikula zote, na Jepkosgei alilia jikoni akisema ni vitunguu. Hakukuwa na vitunguu.

Bado hakuna aliyeniambia. Mpaka nitakapoambiwa, Lusekelo yuko wodini na tiki yake moja. Najua ni ujinga. Najua pia kwetu wakizika hawangoji mtu wa ng'ambo; ningeuliza jana, labda leo ningekuwa angani kwenda nyumbani. Sikuuliza jana. Sikuuliza leo. Aliniomba uso. Ni kitu kimoja tu alichoniomba, na nikiuliza sitampa hata hicho.

Moyo unaniuma kama jino.

Alhamisi, 8 Mei

Naandikia ndani ya gari. Nimeegesha mbele ya nyumba yetu. Mwandiko mbaya, daftari liko juu ya usukani.

Asubuhi. Daktari alisoma maswali kwenye karatasi, Kiingereza, haraka. Nilikuwa nimejiandaa kusema "no". No ni nyepesi, mama yangu hayumo ndani yake. Lakini alipofika kwenye la familia, Ashanti, kwa wema wake tu, akadakia kunisaidia: "Habari za nyumbani, dada Bupe?"

"Nzuri," nikasema.

Ndivyo tunavyojibu. Hata kwenye matanga mtu anasema nzuri kwanza, kisha ndipo anasema lililopo. Nilisema la kwanza nikaishia hapo. Daktari akaweka alama yake. Ashanti hakuandika kitu. Alikaa ananitazama, anangoja — wamemfundisha vizuri mno huko chuoni. Alijua kuna la pili. Sikulitoa. Akaja kunifunga kofia, na mkono wake ukabaki begani kwangu muda mrefu kuliko kofia ilivyohitaji.

Simu ikabaki kwenye kabati. Nilishukuru.

Angani. Sijui nitasemaje. Tuliondoka tukiwa ndege nne, na mara ile ndege ya kulia ikaja ikasimama pembeni yangu. Namaanisha kusimama. Ardhi ya Maryland inakimbia chini, miti, barabara, paa za maghala, na ile ndege imetulia pale kama imeegeshwa, karibu hata misumari ya bawa naiona. Meja akasema kwenye kofia, "Tunakata kushoto." Suti ya kurukia ikajaa hewa ikanibana miguu, damu isishuke. Kamera ikawa kama ndoo iliyojaa. Nikakaza mapaja, nikakaza tumbo, nikapiga. Sikutazama nilichopiga. Jasho likaingia machoni, nikapiga tena.

Nilikuwa nafanya vizuri mpaka nikakumbuka kwamba kule kwetu jua linaelekea kuzama. Kama ni leo, basi wameshamzika. Wametoka makaburini, wananawa mikono.

Nililia. Ndani ya barakoa ya hewa kilio hakina pa kwenda. Meja alisikia pumzi yangu, akauliza kama niko sawa huko nyuma. Nikajibu "salama", kwa Kiswahili, bila kujua. Akacheka akasema atachukua hiyo kama ndiyo.

Tulipokuwa tunarudi, tunaruka sawa, ndege zikapeana nafasi kidogo. Yule wa kulia akainua kioo cheusi cha kofia yake, labda jasho lilimsumbua kama mimi. Kwa muda mfupi sana nikaona uso. Nikapiga.

Ninao. Nimeukuza hapa kwenye kamera. Kijana kuliko nilivyodhani, ana kidonda cha kunyoa kidevuni. Mdomo uko wazi kidogo. Haangalii mbele. Anatuangalia sisi, macho yote, kama mtu anayeangalia mdomo wa daktari.

Anaogopa, Lusekelo. Ametulia kabisa na anaogopa. Si wewe peke yako.

Tulipotua Ashanti alinivua kofia akaona uso wangu. "Pole, dada," alisema. Pole! Wa kwanza kunipa pole ni mtu wa Maryland, na hata hajui ya nini. Nilikaa chini palepale kwenye lami, na jamaa wa suti za kijani wakadhani ni kizunguzungu, wakaniletea maji.

Sasa nimefika. Mlango wa nyumba uko wazi. Viatu vimejaa kwenye ngazi, vya kike na vya kiume, na malapa makubwa ya Elkanah. Gari la Fredy liko kule mbele. Wamekuja wote. Hakuna anayeongea kwa sauti.

Nimehamishia picha kwenye simu. Nimemtumia. Sijui kwa nini. Nilimwahidi.

Tiki moja.

Tiki mbili. Mtu amewasha simu yake.

Za bluu.

Juu, chini ya jina lake, inasema anaandika. Imeacha. Anaandika tena. Mama hajui kuandika kwenye simu ya Lusekelo, herufi ni ndogo kwake, na miwani yake huwa haionekani ilipo. Imeacha.

Anaandika.

Dada Edna ametoka mlangoni. Ameniona. Anashuka ngazi polepole, anavuka viatu vya watu, na mkononi ana sahani iliyofunikwa.