Njia ya Ng'ombe Katikati ya Ngano

Wifi Theresia, shikamoo.

Njia imefunguliwa. Nimetaka usikie kwangu. Jana ng'ombe wa kijiji chetu, Endasak, walipita katikati ya shamba la ngano la serikali mpaka bwawani, na mlinzi alisimama tu, anatazama.

Unakumbuka trekta la shamba lilipoilima njia ile, ukawafuata wakubwa wa shamba ofisini na jembe begani? Wakakujibu, "Mama, hilo ni tatizo la kijiji chako tu." Ulirudi umefura kwa hasira, hukugusa chakula. Ukaniambia, "Martina, tukienda kijiji kimoja tutaitwa wakorofi. Tukienda vijiji vyote tutaitwa wananchi." Asubuhi ukashika njia kwa miguu kwenda kijiji cha Gitting. Nilikucheka. Halafu Masakta, na mvua ile, na kile kifua... Basi.

Tulipomaliza matanga, akina mama uliowatembelea walikuja. Walilia sana. Kisha Mama Yohana wa Masakta akafuta uso, akauliza, "Sasa nani anaendelea?" Wote wakanigeukia mimi. Mimi, wifi, ambaye hata kanisani naomba kwa kunong'ona!

Nikaenda. Kila kijiji kikachagua watu wa kukisemea. Tulikutana mara Gitting, mara kwetu, tukabishana mpaka tukawa na neno moja: halmashauri iweke sheria, shamba lolote kubwa liache njia ya watu na mifugo. Siku ya kikao cha halmashauri nikasimama mbele kusema. Mkubwa mmoja akauliza, "Nani amewatuma?" Nikamjibu, "Waliobaki nyumbani, mzee. Wanasubiri jibu." Nilitamani ungekuwepo unione.

Njia yetu wameikubali, vigingi vimepigiliwa. Sheria bado, wanasema ni mambo ya mkoa. Masakta wao bado wanalizunguka shamba zima kufuata maji, na Mama Yohana hakukosa hata kikao kimoja cha kupigania njia yetu. Sasa ninywe maji yangu nikae kimya?

Mume wangu, mdogo wako Emanueli, ameuliza nani atapika nikienda Arusha kwa wakubwa wa mkoa. Nimemwonyesha jiko lilipo.

Lala salama, wifi yangu. Nakuahidi ng'ombe wa Masakta watapita, na ng'ombe wa vijiji ambavyo hukuwahi kufika. Jumatatu tunaondoka. Wakituambia tusubiri, tutasubiri palepale mlangoni kwao.

Wifi yako,
Martina