Madume mawili, beseni moja

Jumamosi, Bariadi. Jua limewaka tangu asubuhi na mimi nimewaka nalo.

Mama mkwe wangu, Mayu kama tunavyomwita wote hapa, amefungwa bandeji mkono wa kulia, na huu ndio msimu wa kuchuma pamba. Ameng'atwa na Chui, mbwa wangu niliyemlea tangu hajafumbua macho.

Kwa miaka sita Chui alikuwa dume pekee hapa nyumbani. Mwezi wa pili mume wangu akarudi kutoka Mkula na dume lingine, Bosi, bado kijana. Tangu siku hiyo ni kuonyeshana meno tu. Daktari wa mifugo alikuja, akasema walishwe mbalimbali na wahasiwe wote wawili. Mume wangu akacheka.

"Mama Kulwa, mbwa aliyehasiwa atalinda nini? Waache, watazoeana."

Huyu huyu anayehasi mafahali wake wa kulimia bila kupepesa jicho.

Hawakuzoeana. Leo mchana walirukiana kwenye beseni la ugali na dagaa. Nilikimbilia ndoo ya maji, lakini Mayu alikuwa karibu zaidi. Akamshika Bosi shingoni kwa mkono mtupu. Meno ya Chui yakashuka hapo hapo.

Tuliosha kidonda kwa sabuni na maji mengi, tukampeleka hospitali, akaanzishiwa sindano za kichaa cha mbwa. Tuliporudi, mume wangu alikuwa ameshika rungu.

"Mbwa wako kamng'ata mama yangu. Leo anakufa."

Nilisimama mbele ya Chui. Miezi minne nimesema mpaka sauti imekauka, halafu mwenye kosa awe mbwa? Nikamwambia kwamba daktari wa mifugo ameagiza kwa simu Chui afungwe, aangaliwe siku kumi. Hakunisikia.

Mayu ndiye aliyemsimamisha. Alikaa kwenye kigoda, akauliza taratibu, "Mwanangu, mafahali wawili wakipigana zizini, huwa unaua yupi?"

Akaweka rungu chini.

Sasa yuko nyuma ya ghala anachimbia nguzo za banda la pili. Amekubali wahasiwe wote, siku kumi zikiisha. Radhi hajaomba. Mimi namsikia anavyochimba na bado nina hasira naye.

Ila kuna jambo sijalisema kwa mtu.

Beseni lile nililiweka mimi. Siku zote nawatenganisha, mmoja mlangoni, mwingine kule kwenye mwarobaini. Leo nilikuwa na haraka, na nilikuwa nimenuna. Nikamwaga chakula chote pamoja, nikasema moyoni: si alisema watazoeana, tuone.

Nilitaka mume wangu aone. Akaumia Mayu.

Tangu mchana ananisifu mbele ya majirani kwamba mimi ndiye niliyewaonya. Kila akinisifu natazama chini.

Chai inachemka jikoni. Nitampelekea Mayu, nitakaa chini karibu naye, na nitamwambia.