Kibano cha Chuma cha Daktari Ovidio

Mpendwa Mama Ercilia wa safu ya ushauri, nisaidie kabla sijapasuka, maana huu ni mwaka wa kumi na tisa nikiwa mtu wa mashine katika maabara moja hapa Bariloche, na kazi yangu ni kuotesha tando, yaani nageuza madini kuwa mvuke ndani ya chumba kisicho na hewa hadi yatue juu ya kijiwe cha ukubwa wa kucha, tabaka juu ya tabaka, utando mwembamba usioweza hata kushikika, na ukiupoza sana unapitisha umeme bila kupoteza chochote na unaisukuma sumaku mbali, hiyo ndiyo tabia yake. Sasa mwaka jana Daktari Ovidio, mkuu wetu, alipima utando wangu mmoja akakuta unavuta sumaku badala ya kuisukuma, akaruka kama aliyefunga bao, akaandika, akasafiri, akapigiwa makofi, na mimi najua kilichotokea kwa sababu nilikuwepo: kibano chetu cha plastiki kilikuwa kimevunjika, naye akachomoa kile cha chuma kwenye kisu chake cha mfukoni, kile kile anachotolea miiba ya samaki, akaubana utando ukingoni, na chuma huacha vumbi, na vumbi la chuma huvuta sumaku, hata mwanafunzi wa siku ya kwanza huonywa hilo. Nikamwambia, "Ovidio, hicho ni chuma!" Akacheka, "Comadre, wewe otesha, kupima niachie mimi." Nikanyamaza, kwa sababu yeye ni baba wa ubatizo wa binti yangu Maitén, ndiyo maana ananiita comadre, na kila Jumapili tunachoma nyama pamoja.

Sasa watu wa maabara ya Córdoba wamerudia jaribio mara sita hawapati kitu, na unajua amesemaje mbele ya wote? "Utando ulikuwa mchafu. Mikono ya Nélida imechoka." Mikono yangu! Anataka Ijumaa nikabidhi funguo za mashine, nihamie stoo kupanga glavu, na mkewe amenipigia simu, "Vumilia, shoga yangu, usituvunjie familia." Mimi kila utando huukata vipande viwili kabla haujatoka mikononi mwangu, na nusu ya ule alioupima ninayo, haijawahi kutoka kisandukuni, ila naogopa kuipima. Nikisema, Maitén anampoteza baba yake wa ubatizo. Nikinyamaza, mchafu ni mimi. Nifanye nini?

Mwenye Mikono Iliyochoka

Mwenye Mikono,

Majina nimeyabadilisha yote, ingawa kwa mji huu sidhani kama itasaidia.

Pole. Kusingiziwa uchafu na mtu anayekula kwenye sahani zako kunauma, na huyo daktari hana haya hata chembe. Miaka kumi na tisa, halafu stoo! Nimesoma nikasimama, nikazunguka meza, nikarudi kusoma tena.

Lakini usifute machozi bado, nawe una lako. Ulimwona, ulijua, ukakaa mwaka mzima ukimpakulia mbavu huku watu wa Córdoba wakiumia vichwa kutafuta kitu ambacho labda hakipo. Wao hawana watoto wa kubatizwa? Na unaogopa kuipima hiyo nusu kwa nini, usije ukakuta ulisema kweli?

Sikiliza. Jumatano, mchana kweupe, waite wenzako wote, naye awepo, na mtu wa Córdoba awe kwenye simu. Nunua kibano kipya cha plastiki. Ipimwe nusu yako, kisha ile ya kwake. Mpwa wangu anafanya kazi kwenye mashine za kupoza kama hizo zenu, anasema mzipime pia kabla ya kuzipoza, maana chuma huvuta hata bila baridi: nusu ya kwake ikivuta sumaku ikiwa na joto la chumba na yako ikatulia, hapo hakuna ugunduzi, kuna chuma. Na kama zote mbili zitavuta, utamwomba radhi mbele ya hao hao, bila kununa.

Kuhusu ubatizo, padri alimuuliza yeye kama atamsimamia mtoto, akajibu ndiyo. Wewe hakuna aliyekuuliza kama utamfichia makosa. Mkewe akipiga tena, mwambie aongee na mumewe.

Na Ijumaa akinyoosha mkono kudai funguo kabla nusu yako haijapimwa, usimpe.